Mwarobaini Hautibu Yote: Majibu kwa Yanayosemwa Kuanzia Palma Hadi Ibo

Ukitoka Quionga karibu na mdomo wa Ruvuma, ukashuka Palma na Mocímboa da Praia mpaka visiwa vya Quirimbas, mwarobaini unakwenda nawe. Upo nyuma ya nyumba, upo kando ya msikiti, upo sokoni pale wauza samaki wanapotafuta kivuli. Majani yake yanachemshwa, yanatwangwa, yanaogewa, yanafukiziwa, yanatiwa kwenye gunia la kunde. Mtoto akichemka mwili, bibi hatumi mtu duka la dawa. Anatuma mtu akachume.

Miaka hii imeuzidishia mti huo kazi. Mashambulizi ya waasi wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Aprili 2019 kikaja kimbunga Kenneth, na Machi 2021 Palma nayo ikavamiwa. Vituo vingi vya afya vya kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, viliharibiwa au vikafungwa, na wahudumu wakakimbia pamoja na wagonjwa wao. Pasipo na dawa, chungu cha majani hakikosi mtu. Kwa hiyo madai ninayoyajibu hapa siyachukulii kuwa ujinga. Yametoka kwa watu wenye maradhi mengi na mti mmoja. Ila yamezoeleka mno, na mawili matatu kati yake yanaua.

"Huu ni mti wetu wa asili."

La. Kwao ni Bara Hindi na Myanmar. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica, na Afrika Mashariki uliletwa na wahamiaji wa Kihindi katika karne ya 19, kwa njia ileile ya bahari iliyoleta vitambaa na viungo. Kuwa mgeni si kosa. Mwembe nao umetoka Asia, mkorosho umetoka Brazili, na hakuna anayeuliza pasipoti ya korosho. Swali la maana ni hili: mti ukishafika, unakaa ulipopandwa au unatembea wenyewe? Nitalirudia mbele, kwa sababu hapo ndipo mwarobaini unapoachana na mwembe.

"Mwarobaini unatibu malaria. Aliyeuzoea hahitaji vidonge."

Hili nitakaa nalo. Msumbiji, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda, hubeba karibu nusu ya wagonjwa wote wa malaria duniani. Katika nchi kama hiyo, kosa dogo kuhusu dawa ya malaria huwa kaburi la mtoto.

Dai lenyewe halikutoka hewani. Ndani ya mwarobaini kuna kemikali, gedunini ikiwa mojawapo, ambazo zikiwekwa pamoja na vimelea vya malaria kwenye chupa ya maabara huvizuia kukua. Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Wanaoendelea hukuta kwamba gedunini ilipojaribiwa kwa panya wenye malaria, matokeo yalikuwa hafifu, kwa kuwa mwili huivunjavunja kabla haijafanya kazi. Kati ya chupa na damu ya mtu kuna tumbo, ini na muda, na dawa nyingi zenye sifa hufia njiani.

Sasa mbona watu wazima wanakunywa na wanapona? Ukiwasikiliza vizuri utaona sababu zaidi ya moja. Mtu aliyekulia pwani ya malaria na kuumwa mara nyingi utotoni huwa na kinga ya kiasi fulani. Homa yake inaweza kushuka hata akinywa maji matupu. Tena homa nyingi tunazoziita malaria si malaria, ni mafua au maradhi mengine yanayokwisha yenyewe. Majani ya mwarobaini nayo yameonekana kwa wanyama kuwa yanateremsha joto la mwili, kwa hiyo mgonjwa anajisikia afadhali huku vimelea vikiendelea kuzaana. Na wapo waliomeza Coartem, dawa ya malaria ya hospitali, iliyobaki nyumbani, nusu dozi, wakashushia kwa kikombe cha majani, kisha sifa yote ikaenda kwa kikombe.

Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba malaria ya falciparum, ambayo ndiyo ya kwetu, isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua. Saa 24 ni chungu cha asubuhi, chungu cha jioni na kile cha alfajiri inayofuata. Mama anayesubiri kuona kama chungu cha tatu kitafanya kazi ameshautumia muda wote aliokuwa nao.

Jambo linalonishangaza ni kwamba mti huu una kazi kubwa kwenye malaria, na kazi hiyo watu wachache wanaifanya, kwa kuwa iko nje ya ngozi. Mwaka 1993 watafiti wa India, Sharma na wenzake, walichapisha matokeo ya kujipaka mafuta ya mbegu za mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi kwa kiwango cha asilimia 2. Mbu aina ya Anopheles, wale wanaobeba malaria, hawakuwauma waliojipaka usiku kucha. Asilimia 2 ni kama kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini ndani ya robo lita ya mafuta ya nazi. Nazi tunazo. Mbegu zinaoza chini ya mti. Chandarua kinabaki kuwa kinga ya kwanza, lakini mchanganyiko huu unamfaa mvuvi anayekesha ufukweni na mtu anayelala chini ya turubai.

"Hospitali iko mbali na dawa hakuna. Tufanye nini?"

Nusu ya kwanza ya maneno haya sina la kuyajibu, ni kweli. Watu wametembea siku kadhaa porini, wengine wamevuka Ruvuma kuingia Mtwara, na hakuna aliyebeba duka la dawa kichwani.

Hata hivyo, kuna mambo ya kujua. Msumbiji ina wahudumu wa afya wa vijijini wanaoitwa APE, waliofunzwa kupima malaria kwa kipimo cha haraka cha tone la damu na kutoa Coartem hapohapo. Kabla ya kuuliza mwarobaini uko wapi, ulizeni APE wa kijiji au wa kambi yuko wapi. Madaktari Wasio na Mipaka nao wamefanya kazi Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na Mueda katika miaka hii ya vita. Mtu mzima akinywa kikombe cha majani huku akitafuta usafiri, simgombezi. Ninachokataa ni chungu kuwa sababu ya kuahirisha safari.

Na yapo maradhi ambayo chungu hicho kinayaongeza. Baada ya Kenneth, kipindupindu kililipuka Pemba ya Msumbiji na Mecúfi. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini. Mgonjwa anahitaji kurudishiwa maji na chumvi haraka, na tumbo lililokwishachafuka likimiminiwa maji machungu linatapika zaidi. Kama pakiti ya chumvichumvi ya hospitali haipo, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo bila kukoma, na safari ya kituo cha afya ianze.

"Dawa za hospitali nazo zimetoka kwenye majani. Tofauti iko wapi?"

Tofauti ni kazi iliyofanyika katikati. Coartem yenyewe ina asili ya mmea wa Asia, Artemisia annua, uliotumika China kutibu homa kwa karne nyingi. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou na kikundi chake walipitia maandiko ya kale, wakajaribu mimea mingi, na wakagundua kwamba moto wa kuchemsha ulikuwa unaiharibu ile dawa waliyokuwa wakiitafuta. Ilibidi waitoe kwa joto la chini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Sasa tazama kilichofuata. Kemikali ilitengwa, ikapimwa, ikajulikana kiasi gani kinamtosha mtoto wa kilo kumi na kiasi gani mtu mzima, ikaunganishwa na dawa ya pili ili vimelea visiizoee. Chai ya Artemisia yenyewe Shirika la Afya Duniani haliipendekezi mpaka leo, kwa sababu kikombe kimoja hakilingani na kingine, na dozi pungufu huwafundisha vimelea kuishi na dawa. Ikiwa mmea uliothibitishwa hivyo haunywewi kienyeji, mwarobaini ambao haujafika hata nusu ya njia hiyo utadai nini?

"Ni majani tu. Cha asili hakina sumu."

Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya nyumbani. Muda mfupi baadaye walianza kutapika, kulala usingizi usio wa kawaida, kuhema haraka, kisha degedege. Ini lilikuwa limeharibika. Wapo waliofariki. Na kiasi walichopewa kilikuwa cha kijiko, hakikuwa cha chupa.

Hebu fikiria dalili hizo zikitokea Palma. Mtoto ana homa, anapewa mafuta, anapata degedege. Nyumba nzima itasema malaria imepanda kichwani, au shetani amemkumba, na mwenye chupa ya mafuta atamwongeza kijiko. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: mafuta ya mwarobaini yasiingie kinywani mwa mtoto, hata tone, na yale ya kujipaka yawekwe mahali asipofika.

Wajawazito nao wajihadhari. Wanyama waliopewa dawa zilizotengenezwa kwa mwarobaini wameharibu mimba, na India mafuta yake yamechunguzwa kwa muda mrefu kama njia ya kuzuia uzazi. Mjamzito anayeogopa malaria anapewa Fansidar kliniki, bure. Hana sababu ya kunywa mwarobaini. Mwenye kisukari anayetumia vidonge pia ajue kwamba mwarobaini unaweza kushusha sukari, na sukari iliyoshushwa na viwili kwa pamoja humwangusha mtu ghafla.

Halafu kuna hatari ambayo haizungumzwi: mti wenyewe huenda si mwarobaini. Upo ndugu yake, Melia azedarach, nao wa Asia, unaopandwa kwa kivuli na maua, na matunda yake yana sumu kwa watu na mifugo. Afrika Kusini imeuweka kwenye orodha ya mimea vamizi. Chukua tawi mkononi ulitazame. Jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vyake vimepangwa kushoto na kulia ya uti huo, vimepinda kama mundu na kingo zake zina meno. La Melia, uti unagawanyika tena, vijiti vinatoka kwenye kijiti. Maua ya mwarobaini ni meupe yenye harufu ya asali. Ya Melia ni ya zambarau. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo na lina kokwa laini. La Melia ni la mviringo, kokwa lake lina mifereji, na mti ukipukutisha majani matunda yanabaki yakining'inia makole kwa makole. Watoto huyachezea. Anayechuma dawa gizani kwa kuonja uchungu tu, na yote miwili ni michungu, anacheza bahati nasibu na maisha ya mtu.

"Unatibu magonjwa arobaini."

Mwulize anayesema akuhesabie. Atafika kumi na mbili, kisha ataanza kuyarudia. Orodha ya Mombasa si ya Unguja, wala ya Unguja si ya Mocímboa. Hesabu hiyo ni ya heshima kwa mti, haikupimwa.

Ukiyapunguza mpaka yabaki yenye ushahidi wa kueleweka, karibu yote yako juu ya ngozi au mdomoni. Dawa za meno na za kusukutua zenye mwarobaini zimejaribiwa India zikaonekana kupunguza utando wa meno na uvimbe wa fizi, kwa hiyo bibi anayepiga mswaki kwa kijiti chake anajua analofanya. Kwenye upele kuna utafiti wa mwaka 1992, pia wa India: watu 814 walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano, na asilimia 97 wakaripotiwa kupona ndani ya siku 3 hadi 15. Haukuwa na kundi la kulinganisha, na hilo ni pengo. Lakini kambini, watu wanapolala wamebanana na upele ukawa wa nyumba nzima, majani na manjano ya kupaka ni jambo la kujaribu wakati mnasubiri dawa, mradi yasipakwe kwenye kidonda kibichi na nguo na matandiko yote yafuliwe siku hiyohiyo.

Ukimwi haumo. Saratani haimo. Anayemshauri mtu aache vidonge vya kufubaza virusi anywe mwarobaini, awe mganga au awe na duka lenye bango, anamdhulumu.

"Wazungu wanajua siri ya mti huu. Wanaificha wauze vidonge."

Historia inasema kinyume: hawakuuficha, walitaka kuumiliki. Mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan mwaka 1959 nzige walipopita, akaona wamekula kila kijani wakaiacha miarobaini. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza, Butterworth na Morgan, wakaitenga kutoka kwenye mbegu kemikali inayowakataza nzige kula, wakaiita azadiraktini. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, haki ya kumiliki njia ya kuua kuvu kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva wa India na wenzake wakaipinga, wakaleta ushahidi kwamba mambo hayo yalikuwa yakifanyika India tangu zamani. Haki hiyo ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005.

Angalia waligombania nini. Makampuni yenye maabara na pesa hayakwenda mahakamani kwa ajili ya chai ya malaria. Yaligombania kuvu na wadudu wa shambani, kwa sababu huko ndiko mti ulikoonyesha nguvu. Mwenye kutafuta siri ya mwarobaini na aitafute huko.

"Mti ni mti. Anayepanda mwarobaini anatunza mazingira."

Mjini, sawa. Pale Mocímboa penye mchanga mtupu na jua la kupasua kichwa, ni miti michache inayoweza kufanya kazi ya miarobaini: inaridhika na milimita 400 za mvua kwa mwaka, na kiangazi inabaki na kivuli. Waliokwenda kuhiji wameiona Arafa, ambako ilipandwa maelfu kwa maelfu kuwakinga mahujaji na jua. Kwenye ua, barabarani, uwanja wa shule, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko nje ya mji. Kati ya Ruvuma na Pemba kuna misitu mikavu ya pwani, mingine si mikubwa kuliko mashamba machache yaliyounganishwa, ambayo mpita njia huiona kama vichaka. Mwaka 2008 na 2009 wataalamu wa Pro-Natura na Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Paris, pamoja na wa bustani ya Kew na wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Msumbiji, waliingia kwenye misitu hiyo. Walichochapisha mwaka 2011 kilikuwa na aina zaidi ya 700 za mimea. Makumi yake hayakuwahi kuandikwa Msumbiji, na nyingine hazikuwa na jina la kisayansi popote duniani. Baadhi zinaota kwenye ukanda huu tu na ng'ambo ya mto, Mtwara na Lindi.

Sasa mwangalie popo. Tunda la mwarobaini likiiva linakuwa la njano, lina nyama ya utamutamu kuzunguka kokwa moja. Popo na ndege wanalipenda. Hawali wakakaa palepale. Wanabeba, wanaruka kwenye mti mkubwa ukingoni mwa msitu, wanafyonza nyama na kudondosha kokwa. Mvua ikinyesha, chini ya mbuyu au mbambakofi miche ya mwarobaini inatoka kama imepandwa kwa mkono. Michanga huvumilia kivuli, hivyo haimwogopi mwenye nyumba. Baada ya miaka mitatu hadi mitano nayo inazaa, na popo wanapata mgahawa wa pili ndani zaidi. Mwembe hauwezi hili: kokwa lake ni zito, linaangukia miguuni mwa mama yake.

Kenya na Tanzania mwarobaini umekwishaandikwa miongoni mwa mimea vamizi ya pwani. Tambarare za Accra huko Ghana zimevamiwa. Northern Territory ya Australia imeutangaza rasmi kuwa gugu. Cabo Delgado ina mchanga uleule, mvua ileile na popo walewale, na Ruvuma si ukuta kwa mwenye mabawa. Tena mti huu hupenda hasa ardhi iliyovurugwa, na tangu 2017 watu wamekimbia wakaacha mashamba mengi yakiota yenyewe. Anayerudi leo kusafisha shamba lake atazame vizuri kilichoota.

Kwa anayejali dawa za asili, hili lilipaswa kumuuma kuliko mtu yeyote. Mganga wa Kimwani au wa Kimakonde hatibu kwa mti mmoja. Dawa yake nyingine ni mzizi, nyingine ganda, nyingine mmea mdogo unaoota kwenye kivuli cha miti ya asili na si kwingine. Waganga wana chama chao, AMETRAMO, na ningependa kulisikia suala hili likisemwa na wao kabla halijasemwa na mtu wa hifadhi. Msitu ukijaa mwarobaini, duka lao limebaki na bidhaa moja.

"Kama ni vamizi, basi ung'olewe wote."

Haya ni maneno ya upande wa pili, ya watu wa warsha, nayo nayakataa vilevile. Mwarobaini wa uani unaomkinga bibi na jua hauna kosa. Na mti huu una kazi za kutosha za kumlipa mkulima asiyetaka kuunywa.

Kazi ya kwanza iko shambani. Viwavijeshi vamizi vilithibitishwa Msumbiji mwaka 2017 na vinakula mahindi mpaka moyo wa mmea. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, anika kokwa kivulini mpaka zikauke, zihifadhi kwenye gunia linalopitisha hewa, kamwe isiwe mfuko wa plastiki, zisije zikaota ukungu. Siku ya kunyunyiza, menya na utwange kwenye kinu kisichotumika kwa chakula. Gramu 50 za unga huo kwa kila lita ya maji, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani. Nyunyiza jioni, moja kwa moja ndani ya koo la mhindi alimojificha kiwavi, kwa kuwa jua huiharibu azadiraktini. Wengi hujaribu, wakaenda shambani alfajiri, wakakuta viwavi vinatembea, wakasema dawa ya uongo. Dawa hii haiui papo hapo kama sumu ya dukani. Kiwavi anaacha kula, anashindwa kujivua ngozi, anakufa baada ya siku kadhaa. Utazame mhindi, usimtazame kiwavi. Na tumia mbegu. Majani yana nguvu ndogo.

Kazi ya pili ni mbao. Mwarobaini ni ndugu wa mkangazi, mchwa hawaupendi, unafaa kwa nguzo na milango, na kuni zake zinawaka. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, WWF iliwashawishi wachongaji wa vinyago wa pwani wahamie kwenye mwarobaini badala ya kumaliza mpingo na muhugu, na vinyago vya mwarobaini vikapata soko. Cabo Delgado ndiko nyumbani kwa wachongaji wa Kimakonde. Hakuna atakayechonga kwenye mwarobaini kile kinyago cha mababu, watu kumi waliopandiana, akapata weusi na ugumu wa mpingo, hilo najua. Lakini bakuli, visanduku na wanyama wa kuuzia wageni vinachongeka, na kila gogo la mwarobaini linalokatwa ukingoni mwa msitu linauachia mpingo mmoja miaka ya kukua.

Basi utaratibu uwe huu. Miti ya mjini na ya uani ibaki, matunda yaokotwe kwa ajili ya shamba badala ya kuachiwa popo. Usipande mwarobaini mpya karibu na msitu, mikoko au makaburi ya kale yenye miti ya asili. Uliopo huko ukatwe utumike, na kisiki kisiachwe hivihivi, maana huchipua kwa nguvu kutoka shinani na mizizini; rudini kuyavunja machipukizi mpaka kichoke. Miche midogo ing'olewe kwa mkono ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua, kabla mzizi mkuu haujashika. Kazi hii haihitaji mashine wala mfadhili, na ina mwisho: mbegu ya mwarobaini hupoteza uhai ndani ya wiki chache, hailali ardhini miaka ikisubiri kama za magugu mengine. Kijiji kitakachookota matunda na kung'oa miche ya msimu mmoja, kikarudia msimu wa pili, kitaona tofauti kwa macho. Anzeni mvua zijazo, na muanzie upande wa msitu.